Mtaro wa Mwethya

Kazi yangu ni kusafisha udongo bila kuuchimbua. Nikisema hivyo, mtu hunitazama kwanza, halafu huuliza kama kweli kuna anayenilipa. Nimezoea. Wanaonichosha ni wale wanaoniambia kwamba udongo ni uchafu, sasa unausafisha uwe nini? Nao huwa ni wengi, na kila mmoja anadhani ndiye wa kwanza kulifikiria hilo.

Nimefanya kazi hii mahali pengi, lakini mahali palipokaribia kunitoa roho ni nyumbani kwetu, kwenye soko dogo la upande wa Mwala. Nyuma ya maduka ya soko hilo palikuwa na kinu cha kusaga mahindi kilichoendeshwa kwa injini ya dizeli. Kila nyumba ya huko ilikula unga wa kinu hicho. Mwenye kinu alifukia tangi la dizeli ardhini ili lisiibiwe, na hakuna aliyejua kutu ilianza kulitoboa lini. Alifariki, kinu kikanyamaza, tangi likaendelea kuvuja polepole chini ya miguu ya watu.

Mama yangu anaishi chini ya hapo, hatua kama mia na hamsini hivi. Kisima chake kiko kati ya jiko na zizi la mbuzi. Alikichimba yeye na baba kabla sijazaliwa, baba akiwa ndani na sururu, mama akiwa juu na kamba na karai. Basi chai yake ikaanza kunuka. Alidhani ni sufuria, akabadilisha sufuria. Akadhani ni kuni za mtu fulani, akaacha kununua kuni kwake, na hadi leo hawajapatana vizuri. Aliponipigia simu alikuwa ameshalaumu majani ya chai, mbuzi na hata meno yake ya bandia.

Nilipofika nilivuta ndoo moja tu, nikanusa, nikaijua. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi. Nilimwambia asinywe tena, asipikie, asiwape mbuzi. Kuanzia siku hiyo akawa ananunua maji ya mkokoteni wa punda, jerikeni kwa jerikeni, yeye aliyezoea kuwagawia majirani maji wakati wa kiangazi. Hilo lilimuuma kuliko harufu.

Mambo yangekwama hapo kama kiwanja cha kinu hakingenunuliwa. Mnunuzi alitaka kujenga maduka, wakaguzi wakamkatalia mpaka ardhi isafishwe, na kampuni ninayofanyia kazi ikapewa shughuli. Nilimweleza bosi wangu kwamba kisima kilichoharibika ni cha mama yangu. Akasema vizuri, basi hatutahitaji mkalimani. Makubaliano yakaandikwa: tungesafisha kuanzia Julai, na baada ya mvua za mwisho wa mwaka kisima kipimwe. Kikifaulu, mama angerudishiwa kisima chake. Kikishindwa, kingejazwa zege hadi juu ili mtu yeyote asije akanywa maji yake kwa bahati mbaya, na kazi ya kusafisha kiwanja ingeendelea. Nilimsomea mama maneno hayo kwa Kikamba, mara mbili. Akauliza zege hutolewaje ikishaingia. Nikamwambia haitolewi.

Hatukuweza kuchimbua udongo wenyewe, maana maduka yenye watu yalikuwa juu yake, na dizeli ilikuwa imeshashuka hadi kwenye maji. Tulitumia njia ya kusafisha papo hapo. Tulitoboa mashimo kumi na mawili membamba, tukatia mabomba, tukafunga mashine ya kupuliza hewa. Ardhini kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula dizeli. Huwa vipo tayari, ila huko chini vinakosa pumzi, vinazubaa. Ukivipelekea hewa vinachangamka, vinakula, na baada ya miezi kadhaa dizeli inapungua. Ndiyo kazi yote. Haina kishindo, haina lori la kubeba kitu, na anayepita anaona mabomba na mashine inayonguruma tu.

Watu wa soko walinicheka mpaka nikakoma kwenda kununua ndizi. Mwenye duka la mbolea alinisalimu kila asubuhi kwa kuuliza kama ardhi imeshashiba upepo. Mwingine aliniomba nimpulizie na shamba lake. Nilijibu mara ya kwanza kwa utulivu, mara ya pili kwa utulivu, mara ya tatu nikamwambia aende akapulizwe yeye.

Mama hakucheka. Alikuja kila siku na stuli yake, akaketi karibu na mashine, akauliza. Mimi, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kunisikiliza, nikamweleza kila kitu. Nilimwambia vijidudu ni kama ng'ombe wa maziwa, huwezi kuwalazimisha, unaweza tu kuwawekea mazingira. Wanataka hewa. Wanataka chakula kidogo cha ziada, kama mbolea. Wanataka unyevu, udongo usikauke kabisa. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilifurahi kupata mwanafunzi mzuri, na sikufikiria kwamba mwanafunzi mzuri hufanyia kazi anachofundishwa.

Kufikia Septemba vipimo vilikuwa vinashuka. Utando wa rangi ulikuwa umetoweka kisimani. Harufu ilibaki kidogo tu, ya kutafuta. Mwishoni mwa Oktoba nikapima tena, na maji yalikuwa karibu kabisa na kiwango kinachoruhusiwa. Nilimpigia bosi simu nikicheka peke yangu njiani. Halafu akanipeleka upande wa Konza, kwa wiki tatu, kutoboa mashimo ya kupimia udongo wa mtu mwingine. Niliomba kubaki. Akasema mashine inajiendesha. Kweli, ilihitaji mtu wa kuiwasha asubuhi na kuizima jioni tu, kwa hiyo nikamwachia mama funguo za kibanda. Alizifunga kwenye ncha ya leso yake kama mtu aliyepewa hazina ya kanisa.

Mvua zilianza nikiwa Konza. Zilinyesha vizuri mwaka huo, na kila mtu kule alifurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa ujinga wangu.

Niliporudi Mwala nilisikia mashine kabla ya kuiona, na sauti haikuwa yenyewe. Ilikuwa inakoroma. Nilikimbia hadi kwenye kiwanja. Mabomba matano kati ya kumi na mawili yalikuwa yanatema maji na povu. Nilipoinua macho kuelekea juu ya mteremko, nje kidogo ya ua wa kiwanja, nikauona mtaro.

Ulikuwa mtaro mzuri, lazima niseme. Ulikatiza mteremko mzima, umepimwa sawasawa, udongo umerushwa upande wa juu kama inavyotakiwa kwenye mitaro ya fanya juu, na kwenye tuta walikuwa wameshapanda majani ya ng'ombe ili lishikilie. Ndani mlikuwa na maji ya mvua mpaka magotini. Hayakuwa yakienda popote. Yalikuwa yanashuka ardhini taratibu, mahali palepale ambapo nilikuwa nimetumia miezi minne kupapelekea hewa.

Mwethya ndilo kundi letu la kusaidiana kazi. Leo kina mama wanalima kwa huyu, kesho wanajenga bwawa la mchanga la kuzuia maji mtoni kwa yule, na hakuna anayelipwa. Mama amekuwa mwanachama tangu nikiwa mgongoni mwake. Walikuwa wamekuja Jumanne mbili mfululizo, kina mama kumi na wanane, wakachimba mtaro huo kwa ajili ya kisima chake. Siku niliyorudi ilikuwa Jumanne ya tatu. Walikuwa wameketi kivulini wakila isyo, mahindi na maharagwe yao, na waliponiona wakaanza kupiga vigelegele. Walikuwa wakinisubiri niwapongeze.

"Umeona?" mama akaniuliza, amesimama na bakuli mkononi. "Si ulisema hao wadudu wako wanataka unyevu? Na hii mvua ilikuwa inapita tu hivi iende mtoni. Tukaishika."

"Nani aliwaambia mchimbe?"

"Ni wewe. Si ulisema udongo usikauke?"

"Nilisema unyevu, mama! Sikusema bwawa! Mmewazamisha! Hewa haiwezi kupita kwenye maji yote hayo, na dizeli inaelea, maji yakipanda inapanda nayo, sasa yote inasukumwa chini kwa kisima chako! Miezi minne! Mngekaa tu! Si mngekaa tu nyumbani mfanye mambo yenu, lazima kila mahali pakiwa na mteremko mchimbe?"

Nilisema na mengine. Nilisema hawajui kitu. Nilisema watu wa huku wakiona jembe akili inatoka. Sauti yangu ilifika sokoni, maana mwenye duka la mbolea alitoka mlangoni kutazama. Kina mama waliacha kula, wakawa wananiangalia, na mama akaketi chini taratibu kwenye stuli yake. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Hapa kwetu hakuna dhambi kubwa kama kuacha maji ya mvua yapite. Mtoto huambiwa hivyo kabla hajajua kuandika. Vilima vyetu vilikuwa vimebaki mifupa mitupu, na ni kina mama kama hao waliovivisha tena, mtaro baada ya mtaro. Nilijua hayo yote. Nikawaambia watu kama hao kwamba ardhi fulani inataka unyevu, halafu nikaenda Konza.

Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alisubiri mpaka nikamaliza.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Sawa. Sasa wewe msichana, nyumba yenu ni ya mwethya, kwa hivyo na wewe ni wa mwethya. Sheria iko. Mtu akitukana wenzake kwa kazi, analeta sukari kilo nne na majani. Na siku inafuata anakuja na jembe yake mwenyewe." Kisha akageukia mtaro. "Hii tunatoaje?"

Tuliutoa kesho yake. Nilileta sukari, nilileta majani, nilileta jembe la kuazima. Kwanza tuliyafungulia maji njia pembeni, mbali na mabomba, halafu tukarudisha udongo ndani. Kina mama wale wameshachimba mitaro ya kutosha kuzunguka Mwala yote, lakini hakuna aliyewahi kufukia hata mmoja. Mmoja alikuwa aking'oa yale majani ya ng'ombe shina kwa shina na kuyafunga kwenye kanga ili akayapande kwingine. Niliwaomba msamaha wakati wa chai. Walinisamehe haraka, haraka mno, na hilo likanifanya nijisikie vibaya zaidi.

Tuliwasha mashine tena maji yaliposhuka. Lakini siku ya kipimo ilikuwa imeandikwa, na mnunuzi alikuwa na fundi wake anayesubiri kujenga. Niliomba miezi mitatu zaidi. Bosi akapeleka ombi kwa wakaguzi, likarudi na jibu la hapana. Niliwapigia simu mwenyewe, nikajieleza kwa mtu mmoja, akanipeleka kwa mwingine, yule akaniuliza kwa upole kwa nini mradi wa kitaalamu uliachwa chini ya uangalizi wa nyanya. Nilikata simu na kuipiga teke ndoo ya watu.

Siku ya kuchukua sampuli nilikwenda asubuhi na chupa zangu za maabara. Mama alikuwa tayari ameketi kisimani. Kando yake palikuwa na jerikeni ndogo ya njano. Nilifungua kifuniko cha kisima na kuinama, na harufu ilinikuta hata kabla sijateremsha kamba. Si ile kali ya mwanzo, lakini haikuwa ya kutafuta tena.

"Iko?" mama akauliza.

"Iko."

Aliisogeza jerikeni kwa mguu mpaka ikagusa sanduku la chupa zangu.

"Hii nimechota alfajiri kwa shimo la mchanga, huko mtoni," akasema bila kunitazama. "Ni safi kabisa. Hata wewe ulikunywa hiyo ukiwa mdogo. Weka hii kwa chupa zao."

"Mama."

"Wao watajuaje? Maji ni maji. Na wewe uendelee na mashine yako pole pole mpaka iishe. Mimi sitakunywa, nakuapia. Nataka tu wasinimwagie simiti."

Sikumkasirikia. Ningependa kusema nilikataa papo hapo, lakini nilisimama pale muda mrefu, chupa mkononi. Nilijua ingewezekana. Chupa hazina shahidi, lebo naandika mimi, na kisima kingebaki. Nilijua pia kwamba karatasi ikishasema maji ni safi, mashine ingezimwa siku hiyohiyo na kupakiwa kwenye gari, kwa sababu hakuna anayelipia kusafisha kitu kisafi. Kisima kingebaki na dizeli yake milele, na mama angekuwa na karatasi yangu ya kuwaonyesha majirani wanaokuja na ndoo.

Nilimweleza hivyo. Nilimweleza vibaya, nikirudia rudia, huku nikipenga kamasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua jerikeni yake, akaenda nayo kwa mbuzi, akawamiminia yote.

Sampuli ilishindwa. Wala haikushindwa kwa kidogo. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko ya Agosti, na nilipoyasoma nilitaka kumtafuta mtu wa kulaumu, lakini kila nilipohesabu nilianza na mimi.

Kitu kimoja tu nilifaulu. Lori la zege lilipokuwa limeshapangiwa siku, nilimwambia bosi kwamba mashine itaendelea kusafisha chini ya kiwanja miaka kadhaa, kwa hiyo tunahitaji shimo la kupimia maji upande wa chini, na kutoboa jipya ni gharama na usumbufu, na hapa tayari kuna shimo limechimbwa vizuri na mikono ya watu wenye akili. Akasema andika barua. Niliandika barua tatu. Wakaguzi wakakubali kwa masharti: kisima kifungwe kwa saruji juu, kibaki na bomba moja na kifuniko cha chuma chenye kufuli, na ufunguo uwe kwangu. Mama alipoambiwa akasema sawa. Aliwatazama mafundi wakifunga, na walipoondoka akaugonga ule mfuniko kwa vidole kuona kama ni mgumu.

Kwa hiyo sasa kila baada ya miezi mitatu naenda nyumbani kuchota maji ya kisima cha mama yangu. Namkuta ameketi. Nafungua kufuli, nateremsha mpira mwembamba, nawasha pampu ndogo. Maji ya mwanzo, yaliyokuwa yametuama ndani ya bomba, hayapimwi. Yanatolewa kwanza, ndoo baada ya ndoo, na kumiminwa kwenye pipa la taka hadi yaje yale mapya ya ardhini. Mama hawezi kulizoea jambo hilo. Kila ndoo ninayomwaga namsikia akiigunia.

Vipimo vinashuka tena, lakini polepole mno. Mara ya mwisho aliniuliza itachukua muda gani, na kwa kuwa siku ile ya jerikeni nilikataa kudanganya, sikuweza kuanza sasa. Nilimwambia miaka saba, pengine minane. Ana miaka themanini na mbili. Nilijishughulisha na lebo za chupa ili nisimwangalie, nikakosea tarehe, nikaichana lebo, nikaandika nyingine.

"Siku ikisema ni safi," akasema, "na mimi sipo, usimwage ya kwanza. Kunywa."

"Ya kwanza lazima imwagwe, mama. Ndio utaratibu. Siwezi kunywa ya kwanza."

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyekataa kuingia zizini.

"Basi kunywa ya pili."